Meno ya Farasi na Kitabu cha Nasaba

Wasomaji wetu wengi hawajapata kuona mbio za farasi kwa macho yao, illa wale waliopita Nairobi wakafika katika uwanja wa Ngong, ambako mbio hizo zapigwa hata leo. Labda watu watauliza, "Mambo ya farasi yatufaa nini, nasi tuna mbuzi na ng'ombe?" Twajibu kwamba katika habari za mnyama huyu limo jambo liwapasalo wote watunzao vitabu vya majina, wakiwa walimu, makarani au wazee wa kijiji. Jambo lenyewe ni hili: tutaujuaje ukweli wa yule asiyeweza kujisemea?

Farasi wa mbio, waitwao wa damu safi, ni kabila lililotengenezwa Uingereza, kutokana na majike wa nchi ile na madume wachache walioletwa kutoka mashariki. Katika madume hao, watatu wamepata sifa kuliko wenzao wote: Byerley Turk, Darley Arabian, aliyenunuliwa Aleppo katika nchi ya Shamu akapelekwa Uingereza mwaka 1704, na Godolphin Arabian. Ukimshika farasi yeyote wa kabila hili aliye hai leo, ukamfuata baba yake, na baba wa baba yake, mwisho utafika kwa mmoja wa hao watatu. Mwaka 1791 jamaa ya Weatherby walianza kuchapa kitabu cha nasaba, yaani General Stud Book, na mataifa mengine yakaandika vitabu vyao baadaye. Tangu hapo farasi asiyeandikwa kitabuni hahesabiwi kuwa wa kabila, hata akikimbia kama upepo.

Basi, kitabu hiki kina kazi kubwa, kwa kuwa palipo na mbio pana dau, na palipo na dau pana hila. Mbio zenye sifa kupita zote Uingereza ni Derby ya Epsom, nazo ni za farasi wa miaka mitatu tu. Wa miaka minne amekwisha kukomaa. Ni kama kijana mzima kushindana na mtoto.

Mwaka 1844 farasi aitwaye Running Rein alishinda Derby ile. Hata kabla ya mbio watu walikuwa wakinong'ona kwamba farasi huyu si yeye, tena kwamba umri wake si ule ulioandikwa. Aliyefika wa pili alikuwa Orlando, farasi wa Kanali Peel, ndugu wa Waziri Mkuu wa siku zile. Shauri likapelekwa mahakamani, na hakimu, Baron Alderson, hakutosheka na maneno ya mashahidi. Akataka farasi mwenyewe aletwe, atazamwe meno. Kila mfugaji ajua sababu yake. Farasi huzaliwa na meno ya utotoni, kisha huyabadili jozi kwa jozi: ya kati apatapo miaka miwili na nusu, yaliyo kando yake mwaka wa pili yake, na ya pembeni mwaka unaofuata. Karatasi yaweza kuandikwa upya, lakini meno hayaandikiki.

Farasi hakuletwa. Alikuwa amefichwa, na waliomdai ushindi wakaliacha shauri lao. Ikajulikana ya kuwa mshindi alikuwa Maccabeus, farasi wa miaka minne, aliyevikwa jina la mwingine. Orlando akapewa ushindi. Tena katika mbio zile zile alikuwapo farasi mwingine, jina lake Leander, aliyevunjika mguu akauawa. Madaktari wa wanyama walipolitazama taya lake wakashuhudia kwamba naye alikuwa wa miaka minne. Hivyo maiti alisema kweli ambayo walio hai waliificha.

Wahenga walinena, "Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani laja." Katika shauri la Running Rein neno hili lilikuwa kweli. Walakini sisi tumeona siku ambayo halikuwa kweli, nasi hatutaisahau. Shuleni kwetu alikuwapo mtoto mrefu, mwenye miguu ya swala, aliyeshinda mbio za wavulana wasiotimiza miaka kumi na minne, katika mashindano ya shule za tarafa. Mara walimu wa upande mwingine wakaanza kunung'unika, wakisema, "Huyu ni mtu mzima." Tukatoa daftari la shule, nao wakajibu kwamba daftari ni mkono wa mwalimu wake. Mama yake alikuwa amefariki, na bibi yake hakujua tarehe, illa kwamba alizaliwa mwaka wa mvua kubwa. Mmoja akacheka, akasema mtoto afunuliwe kinywa atazamwe meno kama mbuzi. Watu wakacheka pamoja naye, na kikombe akapewa mwingine.

Baada ya majuma matano shangazi yake alifungua sanduku la marehemu akaiona kadi ya kliniki. Mtoto alikuwa wa miaka kumi na mitatu na miezi miwili. Tuliipeleka kadi kwa wakubwa wa mashindano, nao wakatwambia kwa upole kwamba mambo yamekwisha. Kwao yalikuwa yamekwisha. Lakini mtoto yule hakukimbia tena, ijapokuwa tulimsihi mara nyingi.

Kwa sababu hiyo twakipenda kitabu kilichoandikwa mapema, kabla haijajulikana nani atashinda. Lakini yatupasa kusema pia kwamba kitabu chenyewe chaweza kutiwa kiburi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya mwaka 1861 hata 1865, vilipoteza habari nyingi za nasaba za farasi wa huko. Tena, kamari ilipokatazwa katika sehemu za nchi ile, farasi wengi wakaletwa Uingereza kuuzwa. Wafugaji wa Uingereza wakaingiwa na hofu, na mwaka 1913 wakaweka kanuni kwamba farasi asiandikwe katika kitabu chao, illa wazee wake wote wawe wamekwisha kuandikwa humo. Kwa hiyo Wamarekani wengi wakaitwa chotara. Mwaka uliofuata, 1914, Derby ikashindwa na Durbar, ambaye mama yake alikuwa wa Marekani. Kitabu kilisema hana damu safi, na miguu yake ikasema neno lingine. Kanuni ile haikuondolewa hata mwaka 1949, baada ya "chotara" wengine kushinda mbio kubwa mwaka uliotangulia.

Siku hizi hila ya jina ni ngumu kuliko zamani. Kabla mtoto wa farasi hajaandikwa, hupimwa vinasaba vyake, vikalinganishwa na vya baba na mama; kisha hutiwa kidude kidogo chini ya ngozi ya shingo, chenye namba yake. Hata hivyo kanuni ya zamani ingali inashikwa: jike sharti apandishwe na dume mwenyewe, wala asitiwe mbegu kwa mrija kama ng'ombe wetu wa maziwa. Waitetea wakisema kwamba bila hiyo dume mmoja angejaza dunia watoto wake, na damu ya kabila ingekuwa nyembamba. Wengine husema kwamba ilindwayo ni bei. Mwaka 2020 Jockey Club ya Marekani iliamuru dume asipandishwe majike zaidi ya 140 kwa mwaka, kwa kuihofia damu hiyo. Wenye madume wakaenda mahakamani, na mwaka 2022 amri ikafutwa. Basi kila kanuni yataka iulizwe: Wamlinda nani?

Kwa maoni yetu, kitabu cha haki hujulikana kwa mambo mawili: huandikwa mapema, tena hukubali kupimwa. Cha Running Rein kilikimbia kupimwa. Na cha mwaka 1913 kiliwafungia watu mlango kabla ya kuwapima. Mtoto wetu hakuwa na kitabu, naye akahukumiwa kwa urefu wa miguu yake.

Enyi wazazi, mtoto azaliwapo mwandikisheni, mkapate cheti chake, na kadi ya kliniki iwekeni mahali ambapo mtu zaidi ya mmoja apajua. Nasi walimu, tukisikia mnong'ono juu ya mtoto wa shule nyingine, tuulize ushahidi kabla hatujacheka.