Saz ya Mzee wa Sivrialan

Tulipanda kivuko pale Eminönü, mimi na mwanangu, kuelekea Kadıköy, upande wa Asia wa jiji la Istanbul. Shakwe waliruka sambamba na chombo wakingoja kurushiwa mkate, na nyuma yetu minara ya misikiti ilianza kufifia katika ukungu wa asubuhi. Kijana alikuwa ameziba masikio kwa visikilizio vyake, nami nimenuna. Tangu nyumbani tulikuwa tukivutana juu ya muziki wake, ambao kwangu ulikuwa makelele ya kuiga wageni.

"Unasikiliza nini?" nikamwuliza hatimaye.

"Waturuki, baba. Wa zamani, rika la babu."

Akanipa nisikilize. Magitaa ya umeme na ngoma nzito vilinguruma. Kisha katikati ya mshindo huo ikapenya sauti nyembamba ya saz, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, ambayo malenga wa Anatolia wametembea nayo kijiji hadi kijiji kwa karne nyingi.

Kisa chake nilikuja kukielewa baadaye. Katika miaka ya 1960 vijana wengi wa Istanbul waliiga nyimbo za Ulaya na Marekani. Mwaka 1965 gazeti la Hürriyet likaanzisha mashindano ya Altın Mikrofon, yaani Maikrofoni ya Dhahabu, yaliyohimiza nyimbo za Kituruki zipigwe kwa ala za Kimagharibi. Vijana wakarudi kwa wazee. Cem Karaca akachukua beti za malenga wa kale, Emrah. Fikret Kızılok akamfuata Âşık Veysel kijijini kwake Sivrialan, mkoani Sivas. Mzee Veysel, aliyezaliwa mwaka 1894, aliugua ndui utotoni akapoteza nuru ya macho, na baba yake akampa saz ili kumliwaza. Zawadi ile ya mzazi wa kijijini ndiyo iliyokuja kuwafunza vijana wa mjini.

Suala la ala za muziki wanazuoni wamelijadili tangu kale, na hapa si mahali pa kulihukumu. Kilichonigusa ni kijana kufunga safari kwenda kumsikiliza mzee.

Mtaani Moda tuliingia nyumba ya Barış Manço, aliyefariki mwaka 1999. Sasa ni makumbusho. Nywele zake ndefu na pete zake kubwa zingemtisha mzazi kama mimi. Kumbe ndiye aliyeendesha kipindi cha televisheni kilichopendwa na familia nzima, ambacho jina lake lamaanisha "Kuanzia miaka 7 hadi 77".

Jioni tukirejea, adhana ya Magharibi ikisikika juu ya maji, mwanangu akaniuliza, "Baba, ule utenzi aliokuwa akiusoma bibi, unaukumbuka?"

Nikajaribu. Beti mbili zikanijia, ya tatu ikakatika. Marehemu mama yangu aliujua wote kwa ghibu. Nami, niliyewalaumu vijana kwa kuiga wageni, sikuwahi kuandika hata mstari mmoja.

"Huenda shangazi yako anaukumbuka," nikasema.

"Basi tumpigie leo, baba."

Akavitia visikilizio mfukoni, akaanza kutafuta karatasi.