Mtoto wako wa Afrika Kusini amechelewa kutuma pesa? Uliza kwanza karatasi yake

Hapa Baraka na katika vijiji vya jirani, familia nyingi zina mtoto Afrika Kusini. Kuna zinazokula kwa pesa anayotuma, hasa zile zilizokimbia vita na sasa zimepokelewa katika nyumba za watu. Pesa ikichelewa, maneno yanaanza: ameoa huko, ametusahau, amekuwa mtu wa anasa. Mimi niliishi kule miaka saba kabla ya kusomea uandishi wa habari. Leo ninataka kuwaeleza wasikilizaji wetu jambo moja ambalo wengi hapa hawalijui, nalo ni karatasi ya ukaaji.

Nilifika Johannesburg mwaka 2014, nikakaa mtaa wa Yeoville, ambako Kiswahili na Lingala vinasikika sokoni kama huku kwetu. Nilikuwa fundi simu. Sikuajiriwa na mtu. Nilikodi meza moja mbele ya duka, nikawa ninailipia kila wiki, ninabadilisha vioo, betri na sehemu za chaji. Watu waliniambia nina bahati kwa sababu sina bosi. Lakini bosi nilikuwa naye: ni tarehe iliyoandikwa kwenye karatasi yangu.

Mkongomani anayeomba hifadhi kule anapewa kibali cha muda, kwa kifungu cha 22 cha sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998. Kibali hicho kinamruhusu kukaa nchini wakati dosie yake inachunguzwa. Uchunguzi unaweza kuchukua miaka mingi, lakini kibali chenyewe ni cha miezi tu. Changu kilikuwa cha miezi mitatu, mara nyingine sita. Kila kinapokaribia kuisha, unarudi ofisini kuomba kiongezwe.

Ofisi iliyoshika dosie yangu ilikuwa mji mwingine. Niliondoka saa tisa usiku ili alfajiri inikute kwenye foleni. Siku nyingine niliingia nikahudumiwa. Siku nyingine mlango ulifungwa kabla ya zamu yangu, nikarudi kesho yake. Aliyeajiriwa akipanga foleni, labda atakatwa mshahara wa siku moja. Mimi nikipanga foleni, meza imefungwa, kodi ya meza inaendelea, na simu za wateja zimo ndani ya begi langu. Mteja akija mara mbili bila kunikuta, anafikiri nimeiba simu yake nikakimbia. Siku tatu za foleni zinaweza kumla fundi wateja aliowatafuta kwa miezi.

Kwenye foleni hiyo hapakosi vijana wanaopita wakinong'ona kwamba ukiwapa pesa utaingia wa kwanza. Kila mwenye mtoto kule ajue hili: kuongeza muda wa kibali cha hifadhi ni bure. Mtoto akikuandikia kwamba anahitaji pesa ya kununua kibali, mwambie aende kwanza kwa mashirika ya sheria yanayosaidia wakimbizi bila malipo. Karatasi iliyonunuliwa njiani inaweza kuwa ya bandia, na ikigunduliwa anafungwa.

Sasa tufike kwenye pesa inayochelewa. Siku kibali kinapoisha, benki inaifunga akaunti. Pesa ipo, ni jasho lako, lakini huwezi kuigusa mpaka ulete karatasi mpya. Mwenye nyumba naye anauliza karatasi. Polisi akikusimamisha barabarani, anauliza karatasi. Mwaka 2020, Korona ilipofunga ofisi, serikali ilitangaza kwamba vibali vilivyoisha vinaendelea kukubalika. Tangazo lilikuwa zuri, lakini kwenye karatasi yangu tarehe ilikuwa ile ile ya zamani, na benki yangu ilitazama tarehe hiyo. Mama yangu alikaa wiki nyingi bila kupata kitu, huku nikiwa na pesa yake. Mwaka 2021 ndipo walianza kupokea maombi ya kuongeza muda kwa barua pepe, na foleni ya usiku ikapungua.

Haki nayo ipo, tuiseme. Mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Rufaa ya kule ilikataa katazo la jumla lililowazuia waombaji wa hifadhi kufanya kazi na kusoma. Mwaka 2014, baada ya polisi kufunga maduka ya wageni katika jimbo la Limpopo, mahakama hiyo hiyo ilisema kwamba mkimbizi au mwombaji wa hifadhi asiye na njia nyingine ya kuishi hawezi kuzuiwa kujiajiri. Kisha mwaka 2020 ukaanza kutumika mtego mpya katika sheria: aliyechelewa kuongeza muda wa kibali kwa mwezi mmoja alihesabiwa kuwa ameacha ombi lake. Desemba 2023 Mahakama ya Katiba ilifuta vifungu hivyo. Aliyechelewa asijifiche kwa kudhani kwamba yote yamekwisha. Atafute mwanasheria.

Kwa vijana wenyewe walioko kule: ombeni mapema, msingoje wiki ya mwisho. Wekeni nakala ya kila kibali, hata vya zamani, na jibu la kila barua pepe mliyotuma. Kama mna meza au duka, pataneni na fundi jirani awashikie wateja siku za karatasi, nanyi mumshikie za kwake. Kabla tarehe haijafika, toeni benki pesa ya kodi na ya chakula.

Na kwenu wazazi, hasa nyinyi mlio ugenini ndani ya nchi yenu wenyewe: mnajua vizuri maana ya kuishi mahali ambapo mwingine ndiye anayeamua mtakaa mpaka lini. Mkizungumza na mtoto kwa simu, muulizeni karatasi yake inaisha mwezi gani. Uandikeni mwezi huo ukutani. Msipange mahari wala karo juu yake. Pesa ya mwezi huo ombeni ije mapema, na isipokuja, pigeni simu mumuulize amefika wapi na foleni.