Bilauri Mbili za Mwarobaini

Naijuta simu moja tu maishani. Nilikuwa nimetoka maabara usiku, mikono bado inanuka panya, nikampigia Nyanya. "Mti wako unafanya kazi!"

Mti wenyewe ni mwarobaini, ule ulio nyuma ya jikoni kwake Kilifi. Jina lake linadai unatibu maradhi arobaini. Miaka yote Nyanya amechemsha majani yake na kuyanywa kwa ajili ya sukari, uso ameukunja. Nilipoambiwa nichague mradi wa mwaka wa mwisho chuoni, sikuhangaika kutafuta.

Kazi yenyewe haina uchawi. Unakausha majani kivulini, unasaga, unaloweka, unachuja, unakausha tena. Panya unawadunga aloksani, kemikali inayoua seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari ikishapanda, unawagawa. Kundi moja linapewa maji matupu, lingine dondoo la mwarobaini lililopimwa kwa miligramu kulingana na uzito wa kila panya, na la tatu glibenklamaidi, tembe ya hospitali, ili uwe na cha kulinganishia. Kisha unatoa tone la damu mkiani na kusoma mashine.

Kundi la mwarobaini lilishuka. Halikulifikia la tembe, lakini lilishuka. Ndiyo nikapiga simu.

Wiki mbili baadaye mama akanipigia mimi. Nyanya alikutwa ameketi sakafuni jikoni, anatetemeka, jasho linamtiririka, anaongea maneno yasiyoeleweka. Jirani yake, ambaye pia ana sukari, akampima kwa mashine yake: 2.6. Akamnywesha maji ya sukari, fundo kwa fundo, kisha wakamkimbiza hospitali.

Kumbe baada ya simu yangu, kile kikombe kimoja cha asubuhi kilikuwa bilauri mbili, asubuhi na jioni. Na tembe hakuacha. Tembe gani? Glibenklamaidi. Ile ile niliyowapa panya. Sikuwahi kumpa panya mmoja vyote viwili, manake mradi wangu haukuuliza swali hilo. Jaribio hilo alilifanya Nyanya, peke yake, bila mizani.

"Daktari alijua unakunywa mwarobaini?"

"Wee! Nimwambie anigombeze?"

Nyumbani kwetu tulizoea kubishana kama dawa ya miti ni kweli au ni porojo. Hatukuwahi kuuliza: ikiwa ni kweli, je? Metformini, tembe wanayoanzishiwa wagonjwa wengi wa sukari, asili yake ni utafiti wa mmea wa Ulaya uitwao galega. Mmea si mchezo. Kinachoweza kushusha sukari kinaweza kuishusha kupita kiasi, na sufuria ya jikoni haikwambii umechota kiasi gani.

Nilimsindikiza kliniki iliyofuata. Nikamweleza daktari kila kitu, bilauri zote. Hakugombeza. Aliandika kwenye faili, akabadilisha dozi, akamwomba Nyanya asinywe tena bila kumwambia.

Tukiwa kwenye matatu, Nyanya akanigeukia. "Hao panya wako, walipona?"

Nikakawia. Jaribio likiisha, panya wote huuawa ili viungo vyao vichunguzwe. Hata wale wa mwarobaini.

"Hapana, Nyanya."

Akatazama nje dirishani kitambo.

"Sasa ulinipigia simu ya nini?"