Rada ya Mars na kisima cha Ahero

Nimepotea kidogo, kazi za wateja zimenibana hapa Kisumu. Leo tuache mambo ya simu na tovuti, twende Mars.

Gari la utafiti liitwalo Perseverance lilitua huko tarehe 18 Februari 2021, ndani ya bonde la mviringo la Jezero. Limebeba rada iitwayo RIMFAX, iliyoundwa Norway. Gari likitembea, rada hupiga wimbi la redio ardhini kila baada ya sentimita 10 na kusikiliza mwangwi. Mapema mwaka 2024 wanasayansi walieleza kwamba mwangwi huo umeonyesha matabaka ya tope lililotuama katika ziwa la kale. Sisi tuliokulia kando ya Nam Lolwe, habari kama hiyo tunaiachaje?

Baba mdogo wangu, anayetafuta pa kuchimba kisima karibu na Ahero, hakusisimka hata kidogo. Aliniuliza, "Kijana, kama wanaona chini ya Mars, mbona mimi nichimbe kwa kubahatisha?" Kuchimba si pesa kidogo, na maji yakikosekana pesa hairudi.

Kwanza, Mars ni kavu na ina baridi kali, kwa hiyo wimbi hupenya mita kumi na zaidi. Udongo mweusi wa Kano, ule unaong'ang'ania viatu wakati wa mvua, hupitisha umeme, na kitu kinachopitisha umeme hulimeza wimbi la redio. Rada ileile ikiletwa Ahero haitafika mbali. Hata waliochunguza sakafu ya ziwa letu miaka ya 1990 walitumia mawimbi ya sauti, pamoja na kuchomoa tope lenyewe. Wakakuta udongo wa nchi kavu: ziwa lilikuwa limekauka, zaidi ya miaka 14,000 iliyopita!

La pili linanigusa mimi mtengeneza programu. Rada haipimi kina, hupima muda tu. Chukua mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 200. Kwenye mwamba mkavu wimbi huenda kama sentimita 10 kwa nanosekunde, basi kitu kiko mita 10 chini. Kwenye udongo uliolowa huenda kama sentimita 6, basi kiko mita 6. Data ni ileile, majibu mawili! Njia mojawapo ya kupata kasi ni kutafuta jiwe lililofukiwa: kwenye picha huchora umbo la bakuli lililofunikwa, na mteremko wa bakuli hilo hukupa kasi.

Wapimaji wa maji wa huku kwetu hupigilia vyuma ardhini, wakapitisha umeme na kupima ardhi inavyoupinga. Yaani kilekile kinachoiua rada ndicho wanachokisoma. Nao wana utata wao: ukinzani mdogo waweza kuwa maji, waweza kuwa mfinyanzi mtupu. Nimemshauri baba mdogo alipie kipimo kabla ya kuita mtambo. Amesema tungoje mpunga uvunwe.