Nani Atakayejenga? Kauli ya Kutendwa katika Sikukuu za Kijijini

Wahenga walinena kuwa ahadi ni deni. Methali hiyo haitajwi kijijini kwetu bila watu kutabasamu, kwani deni huwa na mdai na mdaiwa, ilhali ahadi nyingi tunazozisikia katika sikukuu za taifa zina mdai pekee. Katika makala haya mafupi ningependa kuwaonyesha wanafunzi wenzangu na walimu wetu mahali anapojificha mdaiwa. Kwa maoni yangu, hujificha ndani ya kiambishi kimoja kidogo, nacho ni -w-.

Kwa baba mimi ni mzawa wa Imenti Kusini, Kaunti ya Meru. Kwa mama ni mjukuu wa Runyenjes, Kaunti ya Embu. Kote kuwili nimekua nikiona sikukuu zikiadhimishwa kwa utaratibu ule ule: Madaraka tarehe 1 Juni, Jamhuri tarehe 12 Desemba, na kati yake tarehe 20 Oktoba, ambayo iliitwa Siku ya Kenyatta hadi Katiba ya 2010 ilipoibadilisha kuwa Siku ya Mashujaa. Watu hukusanyika katika uwanja wa shule ya msingi. Wanafunzi hukariri mashairi, akina mama huimba, wavuna chai hucheza kandanda na waendesha bodaboda. Hotuba ya Rais husomwa kwa niaba yake, kisha huja ile sehemu ambayo wazee huisubiri kwa hamu kuliko zote: taarifa ya maendeleo ya kijiji.

Lugha ya taarifa hiyo ni Kiswahili, nacho ni Kiswahili cha aina yake. Fedha zimetengwa. Zabuni imetangazwa. Bomba la maji litatandazwa. Zahanati itafunguliwa hivi karibuni. Mipango imo mbioni. Sikiliza sentensi hizo kwa sikio la mwanasarufi, nawe utagundua kwamba kazi nyingi zinafanywa lakini hakuna anayezifanya.

Mimi mwenyewe nililitambua jambo hili Siku ya Jamhuri ya mwaka 2023. Bwana Chifu aliniomba niwe mkalimani, nifasiri taarifa kwa Kimeru kwa ajili ya wazee wasiokielewa Kiswahili barabara. Nilipofika kwenye bomba la maji, ambalo kulitangaza kulikuwa kumeshakuwa sehemu ya sherehe kama wimbo wa taifa, ajuza mmoja aliyeketi safu ya mbele aliinua fimbo yake. "Mjukuu wangu," akauliza, "litatandazwa na nani?" Nikamgeukia msemaji. Msemaji akajibu, "Na serikali." Ajuza hakuishusha fimbo. "Serikali ipi?"

Umati uliangua kicheko. Hata hivyo, katika muda wa miaka mitatu niliyokuwa nimehudhuria sherehe hizo nikiwa mtu mzima, sikuwahi kusikia swali la kisarufi na la kisiasa lililo zito kuliko hilo.

Tuanze na sarufi. Katika kauli ya kutendwa, mtendwa hupandishwa akawa kiima, naye mtenda husukumwa nyuma ya neno "na". Huko nyuma anaweza kuachwa kabisa, na sentensi ikabaki sahihi. Sisemi kwamba kauli hii ina dosari. Tukisema "mtoto amezaliwa", hakuna anayeuliza amezaliwa na nani, maana mama yupo na kila mtu anamjua. Tatizo huzuka pale ambapo mtenda hajulikani na kumjua ni haki ya msikilizaji. Mnyambuliko wetu, isitoshe, una maficho mengine. Mradi unapochelewa, huambiwa kwamba "umekwama", kana kwamba umejikwamia wenyewe kama gurudumu matopeni. Ni nadra mno kusikia kauli ya kutendesha: ni nani aliyeukwamisha?

Sasa tuje kwenye siasa. Kabla ya mwaka 2013, jibu la "na serikali" lilikuwa na maana, japo finyu. Mkuu wa mkoa alikaa Embu, makao makuu ya Mkoa wa Mashariki, na chini yake mlikuwa na ngazi moja ndefu iliyoshuka hadi kwa naibu wa chifu. Tangu serikali za kaunti zianze kazi mwaka 2013, tuna serikali mbili zinazokutana kwenye uwanja mmoja wa shule. Jedwali la Nne la Katiba limezigawia majukumu: zahanati, barabara za kaunti na huduma za maji ni za kaunti, elimu ya msingi na usalama ni za serikali ya kitaifa, na chifu ni mtumishi wa hii ya pili. Kwa hiyo chifu anapotangaza kwamba bomba litatandazwa, anatangaza kazi ambayo si ya mwajiri wake. Mwananchi akienda kumuuliza, ataelekezwa kwa mwakilishi wadi. Mwakilishi wadi atamwelekeza kwenye afisi ya maji. Na kiangazi kitakuwa kimeingia, akina mama wakiteremka mtoni na mitungi.

Hata njeo zina mitego yake. "Fedha zimetengwa" ina kiambishi -me-, nasi hufundishwa kwamba -me- huonyesha tendo lililotimia. Kilichotimia ni nini? Kutengwa si kutolewa, na kutolewa si kutumiwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai, na bunge la kaunti linatakiwa kuwa limepitisha makadirio yake ifikapo tarehe 30 Juni. Hata baada ya hapo, fedha haziondolewi kwenye hazina ya mapato ya kaunti bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Anayetangaza Siku ya Madaraka kwamba fedha za mwaka ujao zimetengwa huenda anazungumzia makadirio ambayo bado yamo mezani.

Si kwamba kazi haiwezi kufanyika kwa wakati. Sherehe za kitaifa za Madaraka zilifanyika Uwanja wa Kinoru, Meru, mwaka 2018, na Uwanja wa Moi, Embu, mwaka 2023. Uwanja wa Embu ulitengenezwa upya kwa ajili ya siku hiyo, na siku ilipofika ukatumika. Mjomba wangu aliyehudhuria aliniambia, "Mwana wa dada, uwanja huu ulikuwa na tarehe, na ulikuwa na mtu wa kuulizwa usipokamilika." Bomba letu halikuwa na kimoja kati ya hivyo viwili.

Je, sisi wasomi wa Kiswahili tuna wajibu gani hapa? Ibara ya 7 ya Katiba inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, pamoja na Kiingereza. Hata hivyo, mipango ya maendeleo ya miaka mitano ya kaunti, ambamo miradi huorodheshwa, aghalabu huandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Mwananchi hupewa kauli ya kutendwa jukwaani, naye mtenda hubaki amefungiwa kwenye waraka asioweza kuusoma.

Mwezi Aprili 2024, mimi na vijana wanne wa kijijini tuliandika barua kwa Kiswahili kwenye afisi husika, tukitaja Ibara ya 35 inayompa raia haki ya kupata habari. Tuliuliza mambo matatu: ni nani, kiasi gani, na lini. Jibu lilitufikia baada ya wiki saba. Mradi ulikuwa umeondolewa kwenye makadirio ya mwaka huo. Habari hiyo haikuwa njema, lakini ilikuwa na tarehe na sahihi ya mtu. Niliisoma kwa Kimeru mbele ya wazee, na yule ajuza akataka jina la aliyetia sahihi lisomwe mara mbili.

Mwaka uliofuata akina mama ndio waliokwenda kwenye kikao cha umma cha bajeti, jina hilo likiwa limeandikwa kwenye karatasi. Bomba bado halijatandazwa. Ila sasa kijiji kizima kinajua mlango wa kubisha, na tarehe ambayo mlango huo hufungwa.