Kori 16 za bwana mdogo

Siku nyingi sijaandika, zamu za usiku zimenibana.

Mdogo wangu anayesomea kemia anaomba hela ya kompyuta ya kori 16, eti ya kori 8 inamcheleweshea hesabu za molekuli. Wodini tukiwa manesi wanane na ufunguo wa kabati la dawa ni mmoja, wengine tunapanga foleni tu. Programu nayo ni hivyo hivyo. Gene Amdahl alishalisema hilo mwaka 1967. Chukua hesabu ya dakika 100, ambayo dakika 10 zake hazigawanyiki. Kori 8 zitaimaliza kwa dakika 21 hivi, 16 kwa karibu 16, na hata ukileta elfu moja hushuki chini ya 10. (Na kori zenyewe zinagombea kumbukumbu moja!)

Lakini akiirekebisha programu, zile 10 zikabaki 2, kori zake 8 zinamaliza kwa dakika 14 na ushee. Bila senti yangu. Hela yenyewe ni ile ya bati za mama, na masika hayasubiri.

Bwana mdogo, ukisoma hapa usinitumie bei tena. Pima kwanza programu inakwama wapi, unitumie vipimo.