Laptopu Ikivuka Juja

Mimi ni mtu wa IT kwa ofisi moja hapa Thika. Wenzangu wengi wanaishi Ruiru, na tangu korona ifike Kenya Machi 2020, laptopu za kampuni hulala huko pia.

Zamani antivirasi ilipata masasisho kutoka kwa seva iliyokaa ofisini. Laptopu ikivuka Juja, basi, imekatika. Ikoni inabaki pale konani, lakini virusi inayovijua ni vya wiki tatu nyuma. WannaCry ilipofunga kompyuta katika nchi zaidi ya 150, Mei 2017, Microsoft ilikuwa imetoa kinga tangu Machi. Dawa ilikuwepo, haikuwa imefika kwa mgonjwa.

Siku hizi tunasimamia kila kitu kupitia intaneti. Mashine ikiwa hewani, popote, inajisasisha. Shida imehamia kwa bando. Mama wa uhasibu alizima masasisho, nilipompigia akanijibu bila kupepesa: "Kijana, hiyo kitu yako inakula bando yangu yote. Mtoto atasoma na nini?"

Mishahara yetu sote imo kwa laptopu hiyo. Naweza kumfungia hicho kitufe nikiwa Thika, dakika moja tu. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtwika mwajiri jukumu la kulinda data ya wafanyakazi wake, si mhasibu na pesa zake za unga.

Nimempelekea bosi hesabu ya bando. Kitufe nitakifunga akishalipa.